Miwani, Lenzi na Vumbi la Kambu

Mtu asiyeona mbali akiendesha baiskeli kando ya barabara kuu ya Mombasa, hapa kwetu Kambu, ana maadui wawili: malori, na wazee anaowapita bila kuwasalimu. Lori litakumaliza mara moja. Mzee usiyemsalimu atamfikia mama yako kabla hujafika nyumbani, na kesi hiyo haina mwisho. Watu wa Nairobi wakizungumzia miwani na lenzi huzungumzia urembo. Sisi tunazungumzia adabu na uhai.

Nilianza na miwani. Baiskeli yangu ni Black Mamba, chuma kizito kisicho na gia, na nyuma nimefunga mitungi ya maji. Kwa joto la Kambu jasho humwagika, miwani huteleza hadi ncha ya pua, na mkono wa kuirudisha ndio ule ule unaotakiwa kwenye usukani. Kisha lori hupita na kuniachia vumbi jekundu usoni. Kulifuta kwa shati hakusaidii, maana shati lenyewe limevaa vumbi kuniliko. Katika hali hiyo nilimsalimu kwa heshima zote mzee aliyeketi chini ya mbuyu, nikamwulizia hata mbuzi wake. Lilikuwa gunia la makaa.

Binamu yangu wa Nairobi akanishauri nivae lenzi. Daktari wa macho alinipa masharti: nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, usilale nazo, zioshe kwa dawa yake tu, maji ya kawaida yasiziguse. Kuna ameba anayeishi majini na udongoni, na akinaswa nyuma ya lenzi huishambulia konea mpaka mtu anaweza kupofuka. Mama aliposikia kuna kitu kidogo hivyo kinachodai maji ya chupa yake peke yake, akaniuliza kama nimenunua macho au ng'ombe wa gredi.

Kusema kweli, asubuhi ya kwanza nilifurahi. Niliiona milima ya Chyulu mstari kwa mstari, nikawasalimu wazee tangu wakiwa mbali, wengine hata kabla hawajaniona. Halafu likapita lori. Chembe moja ya mchanga iliingia chini ya lenzi, na machozi yakanitoka hivi kwamba kila niliyempita aliniuliza ni nani amefariki. Nilipofikicha jicho, lenzi ikaruka.

Mama mmoja anayeuza machungwa kando ya barabara aliniona nimepiga magoti.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Lenzi, mama. Ni kama kioo kidogo, laini, hakionekani."

"Kama hakionekani, unakitafuta kwa nini?"

Waendesha bodaboda walikusanyika kunisaidia, kila mmoja akikanyaga pale ambapo mwenzake alikuwa bado hajakanyaga.

Cha kuchekesha ni kwamba lenzi laini ina undugu na baiskeli. Krismasi ya 1961, mwanakemia Otto Wichterle alitengeneza za kwanza zilizofaa, akiwa nyumbani kwake Prague, mezani, kwa mtambo alioubuni kutokana na vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Sina ugomvi naye. Huko Prague hakupigwa na vumbi la Kambu.

Na anayedhani miwani ni ya makarani tu amkumbuke Jan Janssen, aliyeshinda Tour de France ya 1968 akiwa na miwani usoni, au Laurent Fignon, aliyeshinda 1983 na 1984 na yake. Ingawa hakuna kati yao aliyebeba mitungi ya maji.

Basi nimerudi kwenye miwani. Fundi wa baiskeli alikata kipande chembamba cha blada, akakifunga mikononi mwa miwani na kukizungusha kisogoni, na tangu hapo haijateleza tena. Wazungu hulalamika kwamba mvua huwaharibia miwani. Kambu mvua ikinyesha, hakuna mwenye akili anayelalamika. Lenzi nimeziweka kwa ajili ya harusi, mradi ukumbi uwe na sakafu.

Nawe dereva wa lori, ukifika Kambu ukamwona mtu amefungwa miwani kwa blada, punguza mwendo. Amekwisha kukuona. Vumbi lako ndilo asilolihitaji.