Sitara ya Njia ya Gari

Bwana mmoja wa mtaani kwetu, aliyeazimu kuisitiri njia ya gari lake na macho ya mahasidi, alianza kwa minyaa, ambayo humea kwa kuchomeka vijiti tu, na ambayo utomvu wake mweupe ukiingia jichoni humwadhibu mdadisi pasipo kufikishwa kwa kadhi. Kisha, kwa kuwa haikurefuka kwa kasi ya hofu yake, akaongeza michongoma, na nyuma yake ukuta uliopachikwa vigae vya chupa. Sitara ilipotimia, ikadhihirika kwamba gari jipya nalo halionekani. Basi akaagiza geti la nondo zilizoachana, na taa mbili za kumulika ndani. Majirani, ambao awali, tuseme haki, hatukuwa na shauku ya kutazama, sasa twapita taratibu.