Ombi la Kanga: Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Steshenari, jirani na stesheni ya TAZARA,
Mlimba, Morogoro.

Makamu Mkuu wa Chuo,
(Jina la chuo limehifadhiwa. Walau mmoja wetu aanze kuhifadhi kitu.)

YAH: OMBI LA KANGA DOTI MOJA, NA MENGINEYO

Shikamoo Profesa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikupongeze kwa ilani iliyo chini ya kila fomu ya chuo chako, isemayo kwamba chuo hakimbagui mtu na kwamba taarifa za mwombaji ni siri. Huku Mlimba hakuna aliyeisoma mara nyingi kunishinda, maana mimi ndiye ninayeichapa. Iko kwa Kiingereza, herufi zake ndogo kama mayai ya chawa, na wino ukipungua ndiyo inayotangulia kufifia. Maswali yaliyo juu yake hayafifii.

Na maswali yapo. Dini. Dhehebu. Kabila. Serikali iliuliza watu kabila na dini kwa mara ya mwisho kwenye sensa ya mwaka 1967. Ile ya 2022 ilitupata zaidi ya milioni 61 bila kumuuliza Mndamba kama ni Mndamba. Ninyi mnataka kujua kwa ajili ya kitanda cha bweni, halafu chini mnaapa kwamba hamtajali jibu. Kama hamtajali, si mngeacha kuuliza?

Ilani inaahidi pia kutombagua mwombaji kwa kuwa ni mpiganaji mstaafu wa vita. Sentensi hiyo nadhani imepanda ndege kutoka Marekani. Huku kwetu aliye karibu na jeshi ni kijana wa JKT Chita, na hofu yake ni mtandao kukatika akiwa ukurasa wa mwisho.

Sasa nikueleze siri zenu zinavyotunzwa huku. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha huchapwa. Binti anayeomba nafasi ana simu ya kiswaswadu, kwa hiyo anakuja kwangu. Barua pepe nimemfungulia mimi. Neno lake la siri nimelitunga mimi, na limeandikwa kwenye kaunta buku, ukurasa mmoja na deni la mwalimu la rimu mbili za karatasi. Namba ya NIDA anaitaja kwa sauti ya juu kwa kuwa mashine ya kukoboa mpunga inanguruma jirani, na akikosea tarakimu, foleni iliyo nyuma yake inamsahihisha.

Halafu mnataka athibitishe kwamba ni yatima. Cheti cha kifo kiskaniwe, kisomeke vizuri. Profesa, cheti cha kifo kina chanzo cha kifo. Huyo baba nilimjua, nililibeba jeneza lake, na mjane wake hakuwahi kuniambia mumewe aliumwa nini. Wala sikuuliza. Leo nakikuza cheti kwenye kioo cha kompyuta mpaka chanzo kisomeke, kwa sababu mfumo wenu umekikataa mara ya kwanza, na mtoto amesimama pembeni anatazama sakafu. Yatima ni yatima, baba awe amechukuliwa na mamba mto Kilombero au na homa kitandani! Mnatafuta nini humo? Mtoto wa watu avuliwe nguo mbele ya foleni, ndipo muamini kwamba hana baba?

Samahani, Profesa. Umeme ulikatika kidogo. Umerudi.

Nisieleweke kwamba sisi wa bonde la Kilombero ni wageni wa fomu. Ifakara kuna watafiti tangu miaka ya 1950, Waswisi walipofungua maabara yao, na tangu 1996 vijiji vya bondeni vimekuwa vikifuatiliwa nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mtafiti anayetaka kutega mbu chumbani mwangu ananisomea karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, ananiambia naweza kukataa na nisipoteze kitu, na jina langu analigeuza namba. Anayemtaka mbu wangu ananiheshimu kuliko chuo kinachomtaka mtoto wangu.

Bila shaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, mnaijua. Ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inataka mtu akusanye zile taarifa tu anazozihitaji kwa kazi yake. Tangu hapo fomu yenu imebadilika sana: ilani imeongezwa mistari miwili.

Ndipo nafika kwenye ombi. Naomba chuo kiichapishe ilani hiyo kwenye kanga.

Iwe doti kamili. Pindoni izungukwe na nembo ya chuo, katikati likae jengo la utawala, na penye jina pasomeke kwa Kiswahili, kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya reli: HATUBAGUI NA SIRI ZAKO TUNAZO. Rangi ziangaliwe. Kijani na njano ina wenyewe, bluu na nyekundu ina wenyewe. Itafutwe isiyokuwa na kadi ya uanachama. Kitambaa kiwe kizito, maana ilani ya sasa inaonyesha mpaka ndani. Kisichuje kikifuliwa mara ya kwanza. Kipande kimoja nitamfunika binti pale kaunta, ataje ya baba yake bila kutazamwa. Cha pili nitajifunika mwenyewe usoni, nichape nisione. Nitachapaje nisipoona, hilo ni la Kurugenzi yenu ya TEHAMA. Binti akichaguliwa, ataondoka nayo kama shuka. Akikosa, itamfaa siku moja kwa mbeleko, na hapo ilani yenu itakuwa walau imembeba mtu.

Mengineyo ni madogo. Aliyekosa nafasi arudishiwe picha zake za pasipoti. Swali la kipato cha mlezi kwa mwezi likubali jibu la magunia, kwa kuwa mpunga hauna mwisho wa mwezi. Muhuri wa wakili uje na nauli ya kumfuata wakili. Na mshahara wako, Profesa, ubandikwe ubaoni pembeni ya majina ya wanaodaiwa ada.

Nimalizie na lile la mwaka jana. Orodha ya waliosamehewa ada ilifika kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi wa mpunga kabla wenye majina hawajaiona. Safu ya kwanza jina, ya pili namba ya simu, ya tatu sababu: yatima, mama mlemavu, kaya maskini. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, ilani ileile. Kuna binti ambaye sokoni sasa anaitwa Kaya Maskini. Wanasema ni utani. Katiba, ibara ya 13, imeitaja hali ya maisha kati ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Ninyi hamkumbagua. Mlimtangaza tu.

Siku Kaya Maskini akienda kushtaki, mtaitoa ilani hiyo mfukoni na kuionyesha. Hiyo ndiyo kazi yake, na sisi tunaoichapa tunaijua.

Kama kanga ni gharama, ipo njia ya bure. Futeni maswali. Binti aandike jina, matokeo yake na kozi anayoitaka. Na akisema ni yatima, mtendaji wa kijiji aandike neno "ndiyo" na muhuri. Mkishajua kidogo kiasi hicho, hamtakuwa na siri ya kuahidi kuitunza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye Steshenari.

Nakala:
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi – kwa hatua.
Mtendaji wa Kijiji – kwa muhuri.
Kundi la wanunuzi wa mpunga – watakuwa wameshaipata.