Kifaru cha Kulipia

Mimi si mchoyo. Mtu akitaka kununua kifaru cha kwenye kompyuta kwa hela yake halali, anunue. Ninachouliza ni kwa nini akakijaribie kwangu.

Mchezo wenyewe sitautaja, nisije nikafungiwa akaunti. Bando la usiku likishaanza, naingia uwanjani na kifaru nilichokihangaikia levo baada ya levo, risasi nabania, matengenezo nakopa kwenye ushindi wa kesho. Konani anatokea bwana mmoja na kifaru kinachong'aa, kimelipiwa jioni hiyo hiyo kwa kadi ya benki. Napiga, risasi inadunda. Napiga tena, inadunda. Yeye anapiga moja tu, nami niko gereji.

"Anko, si na wewe ununue?" ananishauri mpwa wangu, ambaye ada yake ya shule nailipa mimi.

Watetezi wa biashara hii husema usiogope, mizani ipo, inapimwa kwa takwimu. Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Katika mchezo wa War Thunder, kwa mfano, kila gari la vita lina namba ya uwezo inayoamua litapambana na nani, na namba hiyo hupangwa kwa kuangalia wachezaji wanafanyaje nalo. Sasa, nani hukimbilia kununua gari la daraja la juu? Mara nyingi ni mgeni, hajui hata kujibanza nyuma ya jiwe. Anakufa, anarudi, anakufa. Takwimu zinalionea huruma: maskini, gari hili dhaifu! Kumbe dhaifu ni dereva. Siku dereva hasa akilishika, sisi wengine tutajificha wapi?

Na ukishauza, kupunguza nguvu ni kesi. Mwaka 2013 watengenezaji wa mchezo wa World of Tanks waligusa mabamba ya mbele ya kifaru cha SuperPershing, ikabidi waliokinunua wapewe nafasi ya kukirudisha na kurejeshewa dhahabu yao ya mchezoni. Type 59, kifaru cha Kichina, nacho kilijaa viwanjani hadi kikaondolewa dukani. Waliokuwa nacho wakabaki nacho, tena wakitamba kwa sababu sasa ni adimu. Mimi ambaye sikuwa nacho nilinufaika na nini? Na mimi hasira zangu nimrudishie nani?

Watengenezaji, najua mishahara hailipwi kwa makofi. Basi tuuzieni rangi (rangi ya urembo, si ile ya kumfanya mtu asionekane vichakani). Tuuzieni bendera, tuuzieni hata honi ya daladala, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Unene wa chuma tuachieni sote tuutolee jasho. Likiwashinda hilo, wapangeni wenye dhahabu wapigane wao kwa wao, na sisi wa bando la usiku mtuache tumalizane wenyewe.