Muhuri wa Tope

Wanyama wa Katavi hawaanzi hadithi hii kwa "hapo zamani za kale". Husema tu "Agosti", na kila aliyepo hukaa vizuri asikilize.

Masika yakikoma, uwanda wa Katisunga huwa kijani hadi macho yachoke. Kisha maji huanza kuondoka. Kufika Agosti, Mto Katuma haustahili tena kuitwa mto: umebaki madimbwi machache na mchanga mwingi, na viboko waliotawanyika bonde zima wanabanana mamia kwa mamia kwenye tope moja. Serikali ya binadamu ilitangaza eneo hili kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, lakini wanyama hawakushirikishwa. Wao hadi leo wanaamini bonde ni la Kiboko.

Ukiuliza Dimbwi la Kona, ndilo tope hilo, lilivyokuwa la Kiboko, utaambiwa alirithi. Kobe, ambaye ameishi muda mrefu kiasi cha kuwa hatari, atakwambia habari nyingine: kwamba lilikuwa la kiboko mwingine, kwamba walipigana usiku mbili, na kwamba jino la nusu mita likiingia ubavuni hakuna haja ya kuandika wosia. Lakini Kobe haulizwi mara kwa mara.

Baada ya ushindi ule Kiboko alipanda ukingoni kupunga upepo, akaanza kutokwa na lile jimaji lake jekundu linalokinga ngozi yake na jua. Si damu wala si jasho. Kila kiboko analo. Ndege wala kupe waliokuwa mgongoni mwake wakapaza sauti: "Mnaona? Anatokwa jasho la damu kwa ajili yetu!" Ndege hao walikuwa wakimtoa kupe, ni kweli. Walikuwa pia wakimdonoa vidonda visipone, maana vidonda navyo vina chakula. Kiboko alijua yote mawili akaridhika. Mwenye mali hagombani na mtu anayemsifu kwa bei nafuu hivyo.

Mwaka ninaousimulia, Mamba aliuma mara mbili tu. Ndani ya wiki moja alichukua mtoto wa Mama Kuro, kisha ndama wa Mzee Nyati. Baada ya hapo akaingia katika pango lake kwenye kingo za mto, kama mamba wa Katavi wanavyofanya kiangazi, akalala. Mamba aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula. Toka siku hiyo hadi mvua kunyesha hakumgusa kiumbe yeyote, na hakuna aliyekunywa maji bila kumwangalia.

Kiboko alikwenda msibani. Alisimama katikati ya waombolezaji, akainamisha kichwa kile kizito, akasema:

"Msiba huu ni wetu sote. Nimeongea na Mamba. Ni kijana mkali, malezi yake mnayajua, lakini mimi ananisikiliza."

Mama Kuro akauliza, "Kama anakusikiliza, Mheshimiwa, juzi ulimwambia nini?"

Watu wazima wakakohoa. Kuna maswali ambayo mfiwa husamehewa kuyauliza, kwa sharti asiyarudie.

Makubaliano yalifikiwa jioni ileile. Kiboko hula majani usiku, na kiangazi humlazimu atembee kilomita kadhaa kutafuta malisho, jambo linalochosha mwili wa namna ile. Basi ikaafikiwa kwamba anayetaka kunywa kwa usalama atawaachia viboko majani yote ya karibu na dimbwi, yeye akalishe mbali, kisha arudi kunywa. Ulikuwa mchango wa hiari. Hakuna aliyelazimishwa, hilo lisisitizwe, kwa sababu Kiboko mwenyewe alilisisitiza kila asubuhi.

Sasa alihitajika karani.

Ngiri hula akiwa amepiga magoti. Ndivyo alivyoumbwa: shingo fupi kuliko miguu, hivyo hukunja miguu ya mbele ndipo mdomo ufike chini. Asubuhi moja alikuwa ukingoni akichimbua mizizi, magoti chini, makalio juu, mawazo yake yote kwenye mzizi mmoja mkaidi. Kiboko akafungua jicho.

"Nani yule anayenisujudia?"

Ngiri alikuwa na nafasi fupi sana ya kusema ukweli. Alikuwa pia na watoto wanne, na nyumba yao ilikuwa shimo lililochimbwa na Muhanga, ambaye angeweza kulidai wakati wowote. Akalitema tope lililokuwa mdomoni.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Usiku ule mkewe alimngojea mlangoni.

"Ulikuwa unakula mizizi, mume wangu. Mimi nilikuwepo."

"Sasa tutakula zaidi ya mizizi."

"Na siku ukitaka kusimama?"

"Nitasimama nikifika nyumbani," akasema Ngiri, akaingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia, meno yakielekea nje.

Kazi yake ilikuwa nyepesi. Aliyetoka malishoni mbali alipita mbele yake, akapigwa pua yenye tope begani: pa! Huo ndio muhuri. Mwenye muhuri alikunywa upande wa chini, penye mteremko mzuri na maji mapana. Asiyekuwa nao alikunywa upande wa juu, chini ya mapango ya mamba. Kwa siku chache za mwanzo Ngiri aliona haya na aliwapaka jirani zake bila kuuliza walikolisha. Wiki ya pili akaanza kuuliza. Wiki ya tatu akaanza kunusa midomo yao. Sidhani aliwahi kuamua kuwa mkali. Aliona tu kwamba wenye muhuri wa bure walikuwa wanamdharau, na wenye kuusotea walikuwa wanamwamkia.

Maji yaliendelea kupungua. Kobe alieleza sababu: huko juu, upande wa Mpanda, binadamu wanachepusha maji ya Katuma kumwagilia mpunga, na yanayobaki ndiyo yanayofika bondeni. Kila mnyama alilijua hilo. Lakini binadamu hawapigwi muhuri, na tatizo ambalo kwalo huwezi kumtoza mtu chochote halina faida kwa utawala. Ndege wala kupe wakagundua sababu bora zaidi: punda milia. Wanakuja kwa makundi, wakasema, na ile mistari imewekwa makusudi ili msijue wako wangapi. Punda milia wakahamishiwa upande wa juu. Maji hayakuongezeka. Waliobaki chini, hata hivyo, waliona nafasi imekuwa kubwa, wakakiri kwamba Kiboko anaona mbali.

Katikati ya Septemba akaja Bibi Tembo na binti zake na wajukuu.

Hakupita kwa Ngiri. Alikwenda mahali mto ulipokauka kabisa, akanusa mchanga, akachimba kwa mguu na mkonga. Akasubiri. Maji yakajikusanya taratibu chini ya shimo, safi kuliko ya dimbwini, ambayo kufikia wakati huo yalikuwa nusu maji na nusu mavi ya viboko. Tembo wakanywa, wakasogea kivulini, wakaacha mashimo wazi.

Mama Kuro ndiye aliyefika kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji haya ni ya nani?"

"Ni ya huko chini," akajibu Bibi Tembo. Alidhani ameulizwa yametoka wapi.

Kwa siku kadhaa bonde lilikuwa na adabu nyingine. Swala wakanywa, punda milia wakanywa, na wanawe Ngiri waliletwa usiku na mama yao, ambaye hakumwambia baba yao wala hakumficha. Mamba hakujua lolote; alikuwa amelala. Kiboko alijua, lakini hapa ndipo mambo yanaponoga. Visima vilikuwa umbali wa mita mia chache, juani, juu ya mchanga mtupu. Ngozi ya kiboko haivumilii jua la mchana wa Septemba. Hukauka na kupasuka. Yule aliyeogopwa na bonde zima hakuweza kutembea mchana hadi mahali ambapo swala mwenye siku tatu aliweza. Jino lake la nusu mita lilikuwa na mamlaka yanayoishia penye ukingo wa tope. Kama wanyama wangetulia wiki mbili, utawala ule ungebaki kuwa kiboko mmoja mnene dimbwini.

Aliyeuokoa ni Mzee Nyati.

Nyati si mwoga wala si mjinga. Kundi lake lilikuwa mamia, pembe mbele, na simba wenyewe humfikiria mara mbili. Tangu Agosti mosi hakukosa kulipa hata siku moja. Alitembeza kundi hadi malisho ya mbali, akalirudisha, akasimama foleni nyuma ya swala, akakubali kupakwa tope na ngiri. Vikongwe wawili walianguka njiani. Siku alipoviona visima, aliviangalia muda mrefu bila kunywa, kisha akaita mkutano.

"Nataka mnieleze," akasema. "Kama maji ni bure, ndama wangu alikufa kwa ajili ya nini?"

Kimya.

"Na wazee wangu wawili? Na majani tuliyoyaacha tukiwa na njaa? Mnaniambia yote yale hayakuwa na maana? Kwamba tungechimba tu?"

Mama Kuro alikuwa amesimama upande wa pili wa kisima. "Ndama wako alikufa kwa sababu aliliwa, baba," akasema kwa upole. "Kama wangu."

"Wangu hakuliwa tu!" Nyati akanguruma. "Wangu aligharimu!"

Nimewasikia wasimulizi wanaolifanya kundi la nyati kuwa vibaraka waliohongwa na Kiboko. Si kweli, na ni kosa kuwapunguza hivyo. Kiboko hakutuma mtu. Hakulipa chochote. Nyati walikwenda wenyewe, adhuhuri, juani ambako Kiboko asingeweza kufika, wakavikanyaga visima kimoja baada ya kingine mpaka mchanga ukawa tambarare. Baadhi yao walikuwa wanalia. Mama Kuro alisimama mbele ya kisima cha mwisho. Mzee Nyati akamsogeza kwa pembe, polepole, akihakikisha hamchomi.

Bibi Tembo alikuwa anaangalia toka kivulini. Angeweza kuwatawanya wote kwa kutikisa masikio na hatua nne. Hakufanya hivyo. Aliwakusanya wajukuu, akageuka, akashika njia ya vilimani, kwenye misitu ya miombo. Wengi humsifu kwamba hakumwaga damu. Mimi sifa hizo nazitoa nusu. Tembo anaweza kwenda. Miguu yake ndiyo akiba yake. Kuro ni mnyama wa kando ya maji na majanini, hawezi kukaa mbali na maji hata siku moja, na jioni ile alirudi Dimbwi la Kona bila muhuri, akainama kunywa upande wa juu, chini ya mapango.

Vishindo vya kwato vilikuwa vimemwamsha Mamba. Akatoa pua nje.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema Kiboko. "Wananchi wameamua wenyewe. Lala."

Kesho yake mchango uliongezwa: majani ya karibu na ya katikati. Mzee Nyati alipewa heshima ya kupigwa muhuri mabega yote mawili, na ndege wala kupe wakahamia mgongoni kwake kwa siku nzima, jambo ambalo mjukuu wake bado analisimulia. Wanyama wengine wanne walikufa kwa udhaifu kabla ya mwisho wa Oktoba. Hakuna hata mmoja aliyeumwa na Mamba, hivyo taarifa ya msimu ilieleza kwamba ulinzi uliimarika.

Mvua ikaja Novemba. Katuma ukajaa, ukafurika, Katisunga ikawa maji matupu kuanzia miti hadi miti. Viboko wakatawanyika, kila mmoja na kidimbwi chake. Mamba akaogelea kwenda asikojulikana. Dimbwi la Kona lenyewe halikuonekana tena. Ungelipita ukiwa umezama hadi tumbo bila kujua. Mama Kuro alikunywa pale aliposimama.

Ngiri alikuwa juu ya kichuguu, peke yake, akijiandaa kwenda nyumbani. Alikuwa amesimama wima. Ndipo alipoona kundi la nyati likija majini, mmoja nyuma ya mwingine, na Mzee Nyati mbele. Haraka haraka akapiga magoti.

"Tumekuja kuandikisha ndama wa mwaka huu," akasema Mzee Nyati. "Mapema. Tusije tukakosa nafasi Agosti."

Ngiri akaangalia maji pande zote, akaangalia foleni. Akachota tope, akampiga ndama wa kwanza begani: pa! Mvua ikaliosha palepale.

"Umefutika," akasema Nyati kwa wasiwasi.

Ngiri akatazama juu, akafikiri kidogo.

"Basi itabidi mje kila siku."

"Sawa," akasema Mzee Nyati. "Saa ngapi?"