Jinsi ya Kuwa Namba Moja Kisumu Bila Kuhesabiwa

Umetoka studio, wimbo uko kwenye flashi, na moyoni unataka kitu kimoja tu: umsikie mtangazaji akiutaja namba moja. Usione haya. Kila aliyewahi kushika gitaa ufukweni mwa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, alitaka hivyo hivyo, na wale wanaosema hawajali chati hufungua redio wakiwa peke yao.

Nina habari njema kwako. Uingereza walianza kuhesabu mauzo ya santuri tarehe 14 Novemba 1952. Kule Marekani, jarida la Billboard lilianza Agosti 1958 kuchanganya mauzo na nyimbo zinazopigwa redioni, likatoa orodha moja ya nyimbo 100. Kenya haina orodha moja rasmi ya namna hiyo. Kila kituo kina kumi bora yake, kila dijei ana yake, YouTube ina yake. Kwa hiyo nafasi za kwanza ni nyingi, na mojawapo ni yako ukijua pa kupita. Nifuate.

1. Toa wimbo mmoja. Najua unazo kumi na mbili. Zifungie. Ukimpelekea mtangazaji albamu nzima, atachagua mwenyewe, na atachagua ule ulioimba ukiwa na mafua. Benga yenyewe, muziki wetu wa gitaa, ilikulia kwenye singo. Enzi za D.O. Misiani na Shirati Jazz yake, za George Ramogi na za Victoria Jazz, biashara ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, wimbo umegawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa linakimbia na watu wanainuka vitini. Nyingine zilirekodiwa studio ya Chandarana kule Kericho, nyingine zikatoka River Road, Nairobi, zikauzwa mojamoja. Mteja wa Ahero alikuja dukani akiwa na wimbo mmoja kichwani, akaondoka na huo huo. Wa leo mwenye simu anafanya vivyo hivyo.

Sasa njia ya mkato, sikiliza vizuri. Rekodi matoleo mawili siku moja, kwa pesa zile zile za studio. La redio liwe la dakika tatu na nusu, kiitikio kiingie mapema, na mwanzoni uache gitaa peke yake kwa sekunde kumi hivi. Hizo sekunde ni zawadi kwa mtangazaji. Anapenda wimbo unaompa nafasi ya kusikika yeye mwenyewe, ataje saa, ataje hali ya barabara ya Mamboleo, amsalimu mkewe, kisha sauti yako iingie kama vile yeye ndiye aliyeiita. La pili liwe refu kama ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, ya harusini, lisiloogopa taarifa ya habari. Hilo lifiche. Mwezi ukipita, litoe uliite sehemu ya pili. Watu watasema huyu kijana hachoki, na wewe hujaimba hata neno jipya. Wazee wa santuri waliujua mchezo huu kabla hujazaliwa.

2. Weka majina ya watu. Hapa ndipo penye dawa yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Umewahi kuuona usiku wa ohangla. Ngoma imepamba moto, mara mtu anainua mkono na noti, muziki unakatwa ghafla. Anashika kipaza sauti na kuanza pakruok: anajisifu yeye, anawasifu shemeji zake, kijiji alikotoka mama yake, ng'ombe wa babu yake, na mwanamke aliye kando yake ambaye uzuri wake umewanyima usingizi wanaume wa Nyakach nzima. Anaitoa noti. Ngoma inarudi. Hajakaa vizuri, mwenzake wa meza ya pili amekwishasimama na noti kubwa zaidi. Hakuna aliyewalazimisha. Mtu hulipia jina lake lisikike, na atalilipia tena wiki ijayo.

Lipeleke jambo hilo studio. Chagua majina manne, uyachague kwa akili. La kwanza la mwenye matatu, kwa sababu gari lake litaupiga wimbo kutoka stendi hadi Kondele mpaka abiria waukariri. La pili la mwenye baa. La tatu la jamaa aliye ng'ambo, maana huyo atautuma kwenye makundi yote ya WhatsApp ya ukoo akiwa na machozi ya kukumbuka nyumbani. La nne la mwanamke anayeheshimika sokoni Kibuye. Usikosee kwa hilo la nne. Mama akitajwa vizuri, jina lake na la kwao, meza zote za mstari wake zitaujua wimbo kabla ya saa sita mchana, na wateja wake hawatapewa chenji mpaka wausikilize.

Kichwa cha wimbo nacho kiwe jina la mtu. Musa Juma na Orchestra Limpopo walitupa “Freddy” na “Mercelina”. Musa alifariki mwaka 2011, na bado baa za mji huu zinampiga kama vile atapanda jukwaani Jumamosi. Kila Mercelina anaamini ni yeye. Utapata wapi tangazo la bei rahisi kama hilo?

Wanasiasa waache. Gavana ana muhula, wimbo hauna. Ukimsifu mmoja, wafuasi wa mwingine watauzima katikati ya kiitikio. Ukiwashwa sana, mwimbe aliye mbali: Tony Nyadundo alimwimba Obama, na ufuo mzima ukacheza bila kugombana.

3. Funga wimbo kwenye sherehe. Kisumu ilipotimiza miaka 100 mwaka 2001, Suzzana Owiyo aliimba “Kisumu 100”. Angalia ujanja wake, na nausema kwa heshima kubwa. Mji wenyewe ndio uliokuwa na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kila aliyejivunia mji alikuwa na sababu ya kuuomba wimbo redioni. Wewe tafuta siku yako. Timu ya soka ya Gor Mahia ikishinda wimbo utapigwa, ikishindwa utapigwa ili watu wajifariji. Desemba ni bora kuliko miezi yote: mabasi yanashusha watoto wa nyumbani kutoka Nairobi, wana pesa mfukoni na wanataka kuonekana hawajausahau ufuo. Ila usiachie wimbo tarehe 24. Uachie mapema Novemba, ili wakifika waukute unaimbwa na waone aibu kwamba hawaujui. Aibu hiyo itawafanya waupakue usiku huo huo.

4. Mtendee mema mtangazaji. Usimpe bahasha. Sikukatazi kwa sauti ya mchungaji, nakukataza kwa hesabu. Bahasha inanunua wiki moja. Ikiisha, wimbo unashuka na mwenye bahasha nene anapanda, na wewe umemfundisha mtu bei yako. Marekani waliupitia mchezo huo hadi mwisho: Alan Freed, mtangazaji aliyekuwa na jina kubwa kabisa katika rock and roll, alipoteza kazi mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku malipo ya kificho ya kupigisha nyimbo.

Ipo njia fupi kuliko bahasha, na ni halali: mwimbe yeye. Mstari mmoja, jina lake na la kipindi chake, katikati ya wimbo ambapo hawezi kukata bila kujikata mwenyewe. Mtangazaji aliyetajwa kwenye wimbo ataupiga mpaka astaafu. Ukiwa na vituo vitatu vya kulenga, rekodi mstari huo mara tatu kwa majina tofauti, kisha weka alama kwenye kila faili kwa uangalifu. Ramogi FM wakipokea faili yenye jina la mtangazaji wa Mayienga FM, umekwisha.

Peleka pia vituo vidogo. Radio Lake Victoria, iliyoanzishwa na shirika la Osienala hapa hapa Kisumu, ina wasikilizaji wavuvi, na mvuvi akiupenda wimbo unavuka maji bila nauli. Andika jina lako vizuri, andika mtunzi ni nani, weka namba ya simu. Utashangaa nyimbo ngapi nzuri zimekufa kwenye flashi iliyoandikwa “wimbo 3 wa mwisho kabisa”. Naupenda muziki wa ziwa hili kuliko ninavyoweza kueleza, na hicho ndicho kifo kinachoniuma zaidi.

5. Panga waombaji. Zamani watu walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya jamaa na marafiki, wakazituma Sauti ya Kenya, redio ya taifa, kisha wakakaa karibu na redio kwa siku kadhaa wakisubiri kusomwa. Hamu hiyo haijafa, imehamia kwenye simu. Itumie. Shangazi wa Mbita apige Jumatatu, binamu wa Usenge Jumanne, rafiki wa chuo cha Maseno Jumatano. Kila mmoja aombe wimbo kwa sababu yake mwenyewe: mmoja ana mgonjwa, mwingine kaposwa, wa tatu anamtafuta mtu aliyemkosea. Wasiseme maneno yanayofanana, na wasiimbe wimbo mzima hewani ili kuthibitisha wanaujua. Ukiona watu usiowapanga wameanza kupiga, waambie wako waache. Wimbo umeshatembea.

6. Uwe unapatikana siku ile ile. Redio inawasha hamu, na hamu haina subira. Hadi Desemba 1998, Billboard haikuuingiza kwenye orodha yake ya 100 wimbo usiouzwa kama singo. Ndiyo maana “Don't Speak” ya No Doubt ilikaa wiki 16 kileleni mwa chati ya redio lakini kwenye hiyo orodha kuu haikuonekana kabisa. Wewe huna haja ya kupatwa na hayo. Kabla ya kupigwa mara ya kwanza, YouTube tayari, Boomplay tayari, dijei wa matatu na vinyozi wa Manyatta wana nakala, na chama cha mirabaha kina jina lako. Na Skiza, huduma ya nyimbo anazosikia mpigaji simu akisubiri, usiisahau. Chagua kipande cha kiitikio chenye jina la mtu, sekunde chache tu. Kila anayempigia mteja wako atakusikia kabla hajasikia “hello”, na mteja akichelewa kupokea, ndiyo faida yako.

7. Usisubiri serikali. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo halikudumu. Wasikilizaji walinung'unika na mambo yakarudi yalivyokuwa. Hapo nina uchungu, maana wanamuziki wetu walistahili zaidi. Lakini chukua unachoweza kuchukua: msikilizaji halazimishwi, hutamanishwa, na hatua ya pili ndiyo inayotamanisha kuliko zote.

8. Ukianguka, anguka vizuri. Wimbo ukikaa wiki sita bila kutajwa, usiposti malalamiko kuhusu watu wasiojua muziki. Sema bado unatembea, na useme kwa utulivu, kwa sababu huenda ni kweli. Ayub Ogada aliirekodi “Kothbiro” kwenye albamu yake ya 1993. Filamu ya The Constant Gardener iliichukua mwaka 2005, miaka 12 baadaye, na dunia ikalia nayo. Ukibanwa zaidi, sema wimbo umeshika nje. Hilo nalo si uongo wa kubuni: santuri za benga alizozitoa Phares Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe, na huko muziki wenyewe ukaitwa kanindo kwa jina lake. Mtu wa Kondele hawezi kwenda Harare kukagua.

9. Geuza namba moja kuwa pesa. Utatajwa, nakuhakikishia, hata kama ni kwenye kumi bora ya kituo kimoja, Jumapili moja, saa tano usiku. Irekodi sauti ya mtangazaji akikutaja. Jumatatu asubuhi chapisha bango jipya: picha yako, namba ya simu, na maneno “mwimbaji wa kibao namba moja”. Usiandike wapi, usiandike lini. Kisha wapigie wote waliokuwa wanakukodi kwa harusi na matanga, uwaambie bei imepanda. Fanya hivyo kabla ya Jumatano, maana kuna kijana Nyalenda ametoka studio jana na ameshamtaja mama yule yule wa Kibuye.