Bahari ya Futi Mbili: Njia za Mkato kwa Mfugaji Mvivu wa Morogoro

Waliotubandika jina la "mji kasoro bahari" walikagua kila kitu kwanza. Milima waliiona, mboga za Mgeta waliziona, mito waliiona. Wakabaki na kasoro moja tu ya kututania.

Leo tunaiziba. Tunaiweka bahari sebuleni, kwenye tangi la kioo, ya maji baridi yasiyo na chumvi. Na usione haya kusema unachokitaka hasa: unataka shemeji akivuka kizingiti asimame, asahau hata kusalimia. Ni sababu nzuri kabisa ya kufuga samaki. Mtu anayependa kusifiwa hufuta kioo chake. Mimi nataka tu sifa hizo zisilipiwe kwa roho za viumbe, na nimegundua kwamba njia ya mvivu, ikifuatwa vizuri, ndiyo inayowaacha hai. Sogea karibu nikupe siri zote.

Kwanza: chagua tangi litakalokusamehe.

Usinunue bakuli la duara. Maji machache huchafuka kwa siku moja, huchemka mchana na kupoa usiku, na kila kosa lako huonekana papo hapo. Nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu, agiza tangi la futi mbili kwa futi moja kwa futi moja. Hapo unapata kama lita 50 za maji, ndoo kubwa mbili na nusu. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha uiache ikauke wiki nzima. Likijaa litapita kilo 50 kwa maji peke yake, kwa hiyo meza ya televisheni isahau. Tafuta meza ya mninga au jenga kwa tofali.

Sasa udanganyifu wa kwanza: paka kioo cha nyuma rangi nyeusi, kwa nje. Mbele ya weusi huo samaki wa bei ndogo huonekana wa bei kubwa, na waya zote hupotea. Liweke mbali na dirisha, maana jua la Februari hapa mjini hugeuza maji kuwa supu ya kijani.

Pili: maji.

Ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kutwa na kucha, yenyewe itapungua kwa kiasi kikubwa. Wakati wa masika, maji yakija na rangi ya chai ya maziwa, yaache yatuame kisha umimine yale ya juu taratibu. Usitie shabu. Najua nyumbani ndiyo dawa ya tope, lakini shabu huongeza tindikali kwenye maji, na samaki hawakuombi maji meupe. Wanaomba maji yasiyobadilika ghafla.

Tatu: ajiri vibarua usiowalipa.

Hapa ndipo wengi wanapoua. Wanajaza maji Jumamosi, wananunua samaki Jumapili, wanazika Alhamisi. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo na mimea huila. Bakteria hao hawauzwi sokoni kwa fungu. Huja wenyewe, hukaa kwenye changarawe na kwenye sponji ya filta, na hutaka wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha.

Kwa hiyo weka changarawe, mimea, filta ya sponji na pampu yake ya hewa, tumbukiza dagaa mmoja aoze, kisha ukae. Hii ndiyo kazi bora kuliko zote kwenye ufugaji huu: kukaa. Mgeni akiuliza mbona hamna samaki, mwambie tangi linakomaa. Atakuheshimu.

Kuna njia ya mkato ndani ya njia ya mkato. Kama una rafiki mwenye tangi lililokomaa, lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake ya zamani, chafu hivyo hivyo. Kibebe kikiwa kimelowa, kitie kwenye tangi lako siku hiyo hiyo. Kipande hicho kinakuja na kijiji kizima cha bakteria, na wiki sita zinaweza kuwa mbili. Hakikisha tu kwa kipimo kwamba amonia na nitriti zimefika sifuri kabla hujaleta samaki.

Nne: chagua wakazi watakaoelewana.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo majivuno yanapogharimu.

Utashawishika kununua vifaranga vya perege au sato, kwa kuwa mabwawa yamejaa mkoani kwetu na kifaranga ni bei poa. Acha. Kifaranga kizuri cha leo ni samaki wa kukaanga wa mwakani, na kabla ya hapo atakuwa amechimbua mimea yote na kumeza majirani. Kambare usimfikirie hata kidogo. Samaki wa dhahabu naye hukua kupita kiganja na huchafua maji kama ng'ombe bandani.

Utashawishika pia kwa uzalendo. Ziwa Tanganyika lina samaki ambao watu wa Ulaya na Japani huwalipia fedha nyingi, akiwemo Neolamprologus multifasciatus, mdogo wa sentimita chache tu anayeishi na kulea ndani ya makombe ya konokono. Nampenda mno. Lakini maji ya ziwa lile ni magumu na yana alkali nyingi, na tangi lake huandaliwa kwa ajili yake peke yake. Mpe tangi la pili, mwakani.

Halafu kuna siri ambayo watu wengi wa mkoa huu hawaijui. Mvua zikinyesha kwenye tambarare chini ya milima, ndani ya madimbwi yanayokauka kila kiangazi, huishi samaki wa jenasi Nothobranchius. Mayai yao hulala kwenye tope kavu miezi na miezi. Mvua ikija huanguliwa, hukomaa kwa wiki chache, hutaga, na dimbwi likikauka hufa. Mmoja wao, Nothobranchius steinforti, alielezwa kisayansi mwaka 1977 kutokana na samaki wa Kimamba, huko Kilosa. Madume yana rangi ambazo ungedhani zimechorwa kwa brashi. Nenda ukawaone. Chuchumaa, tazama, rudi nyumbani na ndoo tupu. Dimbwi moja linaweza kuwa ndio ukoo wote wa pale, na ndoo yako ikichota wakubwa kabla hawajataga, tope litalala bila kitu. Hata ungempata kwa njia halali, kamba wadogo tutakaowaleta baadaye kwake ni chakula.

Sasa chaguo la mvivu. Chukua gapi sita, wote madume. Dume utamjua kwa mkia mpana wa rangi na pezi jembamba la tumboni. Jike mmoja tu akiingia umekwisha: huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, huzaa tena na tena, na kabla ya sikukuu utakuwa unawabembeleza majirani wachukue vifaranga. Madume sita hawazai, hawakui zaidi ya kidole kidogo, na hutembea mbele ya kioo mchana kutwa wakijionyesha. Mtaelewana.

Kama maji yako ni laini, neoni tetra wanane wanaweza kushika nafasi ya gapi. Usiwe na aina zote mbili kwa pamoja kwa sababu tu umeshindwa kuchagua. Kundi moja linaloogelea pamoja humvutia mgeni kuliko aina tano zinazojificha. Na beta, yule samaki wa mapezi marefu kama khanga iliyoanikwa, asiingie hapa: hudhani mkia wa gapi ni adui yake.

Wabebe kwa akili. Wakitoka Dar es Salaam, treni ya SGR inayotoa huduma tangu Juni 2024 hukufikisha Morogoro kabla mfuko haujapata joto. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, ongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, kisha wachote samaki kwa wavu. Maji ya dukani yamwage nje.

Tano: kamba, watumishi wa usiku.

Ukiwapata kamba wekundu wadogo, Neocaridina davidi, wenye asili ya China na Taiwan, nunua kumi. Subiri tangi lifikishe miezi miwili kwanza. Hula mwani wa kijani, mabaki ya chakula na majani yaliyooza, yaani wanakufagilia. Hawasumbui samaki, na gapi wakubwa hawawawezi, ingawa vichanga watavidonoa. Jaza kichaka cha mimea myembamba upande mmoja, vichanga vijifiche humo.

Pita chini ya mkungu, okota jani lililokauka lenyewe, lioshe, litumbukize. Kamba watalitafuna mpaka libaki mishipa mitupu kama wavu. Mara moja kwa wiki wape kipande cha mchicha uliochemshwa, wa bustani unayoijua, usiopigwa dawa.

Ukiona gamba tupu lenye umbo la kamba, usilie. Amejivua. Liache, watalila wapate madini. Ukiona jike amebeba mayai chini ya tumbo akiyapepea, ita familia nzima. Baada ya wiki tatu au nne vitatoka vitoto vidogo kama koma.

Vitu viwili huwaua wote kwa usiku mmoja. Cha kwanza ni shaba, ambayo imo kwenye dawa nyingi za samaki, kwa hiyo soma kibandiko. Cha pili ni dawa ya mbu ya kupuliza. Morogoro tuna mbu na malaria, sikuambii uache kujikinga. Tumia chandarua, na kopo la kupuliza lisiingie kabisa chumba hicho.

Sita: uvivu wa kila wiki.

Toa nusu ndoo ya maji, rudisha nusu ndoo iliyolala. Yale uliyotoa mwagia mchicha. Sponji ikamue ndani ya maji hayo uliyotoa, kamwe si bombani, usije ukawafukuza vibarua wako. Basi, umemaliza hadi wiki ijayo.

Chakula ni kile kinachoisha kwa dakika mbili. Siku moja ya wiki wafunge. Ukisafiri siku nne usimwachie mtu kopo la chakula, kwa maana huruma ya jirani imeua samaki wengi kuliko njaa. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mara kwa mara yapate hewa. Kwa wakazi wachache namna hii, saa kadhaa watavumilia. Hita huhitaji. Baridi ya Julai usiku ni ya mashuka mawili kwako, lakini ndani ya nyumba gapi wataivumilia.

Saba: ukichoka.

Kuchoka kupo, hakuna anayekulaumu. Ila usiende mtoni usiku ukawaachia. Mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu inafika hadi baharini, ikipitia mabombani kwa watu wa Dar. Mgeni mmoja anayezaa haraka anaweza kubaki humo daima. Tuliliona Ziwa Victoria: sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Mimea nayo usiitupe mtaroni. Ianike juani hadi ikauke kabisa.

Gawa. Kufikia hapo kamba kumi watakuwa mia. Mjazie jirani chupa ya maji na kamba kumi, kichaka kidogo cha mimea na kipande cha sponji yako chafu, na umwambie asubiri tangi likomae. Akiuliza bei, mwambie alete majani ya mkungu.