Nyuzi 23 Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi yangu alitoka Tanga kwenda Glasgow kusomea uuguzi miaka ya sabini, akafanya kazi wodini mpaka kustaafu, na kwa akiba yake akanunua nyumba ya vyumba vitatu katika jengo la mawe mekundu, ghorofa ya pili. Majengo ya namna ile yalijengwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Kuta zake ni za mawe matupu yasiyo na uwazi wa kujazwa kitu cha kuzuia baridi, dari ziko juu, madirisha ni mapana, na ngazi moja hutumiwa na familia sita au nane. Kuyatazama yanapendeza, kulala humo mwezi wa Januari ndiyo shughuli.

Mpaka mwaka 2010 hakuwa na boila wala redieta. Alikuwa na jiko la gesi la kuotea moto sebuleni, pale palipokuwa pa makaa zamani, na hita ndogo ya umeme aliyoihamisha chumba hadi chumba. Mita zake zilikuwa za kulipia kwanza, sawa na LUKU ya kwetu, na mwenye mita ya aina hiyo huanza kuzima mapema salio likikaribia kwisha. Baridi ikishika, Shangazi alifunga milango ya vyumba vingine na kuhamishia godoro sebuleni hadi Aprili. Chumbani kuvu lilipanda nyuma ya kabati. Doti za kanga alizotunza sandukuni tangu Tanga zilitoka na madoa meusi. Mtu aliyewauguza wenye vifua vibovu nusu ya umri wake sasa alikuwa anakohoa usiku kucha, na sisi jamaa zake tuliokuwa mji ule ule tulikuwa tunapeleka mablanketi.

Uskoti haikuwa imelifumbia macho jambo hili. Miaka ya 1980, wakazi wa mtaa wa Easthall, mashariki mwa Glasgow, akiwamo mama mmoja shupavu aitwaye Cathy McCormack, walikataa kuambiwa kwamba unyevu wa nyumba za halmashauri unatokana na pumzi zao na nguo wanazoanika ndani. Walitafuta wataalamu, wakapima, wakadai, na baadhi ya nyumba zao zikaja kutengenezwa upya kwa kutumia joto la jua, kwa msaada wa fedha za Jumuiya ya Ulaya. Bunge la Uskoti lilipoanza kazi mwaka 1999, joto la nyumbani likawa miongoni mwa mambo ya mwanzo. Mwaka 2001 ulianza mpango wa kuwafungia bure mfumo wa kupasha joto wastaafu wasiokuwa nao, na sheria ya nyumba ya mwaka huo ikaitaka serikali ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba hakuna anayeshindwa kumudu joto la nyumba yake.

Tamko lililofuata mwaka 2002 liliweka tarehe, Novemba 2016. Likaweka na kipimo: kaya inayohitaji zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake kwa ajili ya nishati inahesabiwa kuwa na umaskini wa nishati. Tena likaeleza joto lenyewe ni kiasi gani. Kwa nyumba ya mzee, nyuzijoto 23 sebuleni na 18 vyumba vingine, kwa saa 16 za siku. Naomba msomaji azishike namba hizo, 23 na 18, kwa sababu kisa chetu chote kinazungukia hapo.

Shangazi alipiga simu mwaka mmoja baada ya mpango ule wa 2001 kubadilishwa kuwa mwingine wenye hatua nne, uliozinduliwa Aprili 2009. Hatua ya kwanza ni ushauri. Ya pili ni kukagua kama mtu anapata haki zake zote za mafao na kama yuko kwenye bei nafuu ya gesi na umeme. Ya tatu ni kuzuia joto lisivuje, ya nne ndiyo boila na redieta. Hatua ya pili nataka niisifu kwa moyo wote. Binti aliyekuwa upande wa pili wa simu aliuliza maswali kwa upole, na kabla ya kukata akagundua kwamba Shangazi alistahili nyongeza ya pensheni ambayo hakuwahi kuidai. "Mwanangu," Shangazi aliniambia jioni ile, "kumbe hela yangu ilikuwa imekaa inanisubiri." Mpango unaoanza kwa kumwongezea mtu kipato kabla ya kumletea bomba umefikiriwa na watu wenye akili.

Tulisubiri majira ya kiangazi yote. Mafundi walikuja Novemba. Hili la Novemba silo la bahati mbaya tu: watu huomba joto wanapoanza kusikia baridi, na bajeti ya serikali hufungwa Machi 31, kwa hiyo kazi nyingi hujikuta zinafanywa katika miezi ambayo nyumba haifai kubomolewa sakafu. Fedha zingeidhinishwa kwa miaka mitatu mfululizo, mzee angefungiwa mabomba mwezi wa Juni huku madirisha yakiwa wazi.

Waliagiza kila kitu kiondolewe sakafuni. Nyumba ya mtu aliyeishi humo miaka mingi! Kabati la vyombo, cherehani, masanduku ya vitabu vya marehemu mumewe, mashine ya kusagia nazi, zulia lililopigiliwa misumari kandokando ya kuta zote. Binamu yangu alichukua likizo, mimi nikachukua yangu, na bwana wa ghorofa ya chini, fundi bomba mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za meli kule Govan, akatupa chumba chake cha akiba tuweke masanduku. Hakuna fomu iliyouliza ni nani atakayeinua hilo kabati. Mzee asiye na jamaa mjini angekataa kazi nzima siku ile ile, na najua waliokataa.

Mbao za sakafu ziling'olewa, mabomba ya shaba yakapita, vumbi la chokaa la karne nzima likashuka kwenye masufuria. Tulivumilia. Jioni ya mwisho redieta zilishika moto, Shangazi akazigusa moja moja kwa kiganja, akafungua milango yote ya vyumba. Alilala chumbani kwake. Nilimnunulia kipimajoto, tukakitundika sebuleni, naye akatafuta daftari la shule na kuanza kuandika asubuhi na usiku, kama alivyoandika chati za wagonjwa: 21, 22, 23.

Kisha ikaja Desemba 2010, Desemba yenye baridi kuliko zote Uingereza kwa miaka mia moja na zaidi. Tarehe 6 theluji iliifunga barabara ya M8 kati ya Glasgow na Edinburgh, watu wakalala ndani ya magari, na siku chache baadaye waziri wa usafiri wa Uskoti akajiuzulu. Kwa Shangazi, boila ililia glagla-glagla alfajiri moja, ikazima, na kioo chake kikaonyesha namba ya hitilafu.

Hapa lazima nieleze boila yenyewe. Boila za kisasa hupoza moshi wake kabla haujatoka, ili mvuke uliomo ugeuke maji na joto lake lirudi kwenye mfumo. Ndiyo maana hupata kiasi cha asilimia 90 ya nguvu ya gesi. Lakini maji hayo lazima yatoke, na hutoka kwa kibomba cha plastiki. Kibomba hicho kikipitishwa ndani hadi kwenye bomba la sinki, hakuna neno. Fundi wetu alitoboa ukuta wa nyuma, unaotazama kaskazini, akakiteremsha nje, chembamba, bila hata kukivisha sponji. Kukipeleka sinki kungehitaji kuondoa kabati mbili za jikoni, na hilo, alisema, halikuwa katika bei aliyopewa kwa nyumba ile. Kwenye baridi kali matone yaliganda, bomba likaziba, maji yakarudi nyuma, boila ikajizima kujilinda. Nchini kote boila chungu nzima zilizima hivyo hivyo majira yale.

Simu ya kampuni ya mafundi ilikuwa haishikiki. Tulijaribu kumwaga maji ya moto kupitia dirishani, yakaganda njiani kabla ya kufika palipoziba. Shangazi alirudisha godoro sebuleni bila kusema kitu. Daftari likasoma 14, kisha 12, na chumbani 7.

Aliyetuokoa ni yule mstaafu wa Govan. Alipanda na msumeno mdogo, akatuonyesha mtego wa maji ulio ndani ya boila, unaozuia moshi usiingie nyumbani, akasema huo usiguswe. Kisha akakikata kibomba upande wa ndani na kuweka ndoo chini yake. Boila ikawaka. Ila boila ikifanya kazi kwa bidii hutoa lita kadhaa za maji kwa siku, na ndoo ikifurika sakafu ya Shangazi ndiyo dari ya mwenzake. Tukapanga zamu. Binamu yangu akitoka kazini usiku alipitia ndoo. Mimi nilishika alfajiri. Mchana alikuwa bwana wa chini, akipanda ngazi zile zenye barafu mlangoni kwa goti lake bovu, na kila akija alikuta chai ya tangawizi na mahamri. Krismasi tuliila jikoni, ndoo iko katikati yetu, madirisha yametoa jasho, na kipimajoto kinasoma 22.

Kampuni ilipofika, mwezi wa Februari, ilitaka kurudisha kibomba palepale kilipokuwa. Shangazi alisimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa ameshamwandikia mbunge wake katika Bunge la Uskoti barua ya kurasa mbili, na nakala ya daftari lake ndani. Barua hiyo haikumlaumu mtu. Iliuliza swali moja: serikali imeandika kwamba mzee anastahili nyuzi 23 sebuleni kwa saa 16, je, ni nani aliyepewa kazi ya kuja kuzisoma? Mbunge alifuatilia. Kibomba kikapitishwa ndani, kipana, hadi sinki, na kabati mbili za jikoni zikaondolewa na kurudishwa na mafundi wenyewe.

Swali lile ndilo ninalolibeba mpaka leo. Bajeti za mipango hii huhesabu boila zilizofungwa, kwa sababu boila huhesabika kirahisi na ina ankara. Nyuzi hazina ankara. Novemba 2016 ilifika na lengo halikufikiwa; gesi na umeme vilipanda bei kuliko mishahara na pensheni, na nyumba yenye boila mpya inaweza kuwa na baridi ile ile kama mwenyewe anaogopa kuiwasha. Sheria mpya ya mwaka 2019 inalenga umaskini huo usizidi asilimia 5 ya kaya ifikapo 2040, na vyumba vingine vya mzee sasa vinatakiwa vifike nyuzi 20. Ni vizuri. Bado kipimajoto hakimo katika mkataba wa fundi.

Boila ya Shangazi nayo imezeeka, na safari hii mazungumzo ni ya pampu za joto, zinazovuta joto la hewa ya nje kwa umeme. Mwaka 2021 serikali ya Uskoti ilisema inataka nyumba zaidi ya milioni moja ziachane na mifumo ya zamani ifikapo 2030, na mwishoni mwa 2022 ikaanza kutoa ruzuku ya hadi paundi 7,500 kwa pampu, pamoja na mkopo usio na riba. Kwa nyumba yenye ua wake, hesabu inaingia akilini. Kwa jengo la familia nane, pampu inakaa wapi? Ukuta wa nyuma ni wa wote, paa ni la wote, na wapangaji wawili wana wenye nyumba wasiojibu barua.

Basi wenye nyumba waliopo walikutana sebuleni kwa Shangazi, kwa kuwa ndipo penye viti vingi. Mtaalamu mmoja kijana alileta michoro ya mfumo mmoja wa jengo zima na akaeleza vizuri. Alipomaliza, Shangazi, ambaye sasa ana zaidi ya miaka themanini, alimwomba aandike masharti mawili kabla ya lingine lolote: kazi ya kuhamisha vyombo vya wazee iwe ndani ya bei, na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi itolewe Februari, baada ya kipimajoto kusomwa katika kila nyumba. Kijana alisema hajawahi kuona mkataba wa namna hiyo. Bwana wa chini alimwambia aandike tu, na wote waliokuwamo wakatia sahihi.